Akili, Nyota na Njia

Mwulize mtu mzima aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, na aliyezoea kuvuka kwenda Unguja, mji wa Zanzibar uko upande gani wa pale aliposimama, na huenda akanyosha mkono mashariki, kule bahari iliko na jua lichomozako. Ramani inashuhudia vingine. Mji Mkongwe uko kaskazini ya Dar es Salaam, kwa umbali wa kilomita 70 hivi, tena umeelemea magharibi kidogo, hata mtu akichora mstari kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda kaskazini barabara, mstari huo utauacha mji wa Zanzibar upande wake wa kushoto. Kosa la mtu huyu halitokani na ujinga wala uzembe, maana njia anaijua na safari ameifanya. Linatokana na desturi ya akili ya kuweka mahali ndani ya mahali pengine, mji ndani ya kisiwa na kisiwa ndani ya bahari, na kwa kuwa bahari kwa mtu wa mrima ni mashariki, hukumu ya bahari nzima huteremshwa juu ya mji mmoja. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Albert Stevens na Patty Coupe, walionyesha jambo hilihili kwa miji ya San Diego na Reno: waulizwa wengi walidhani Reno iko mashariki ya San Diego, kwa sababu jimbo la Nevada liko mashariki ya jimbo la California, ilhali Reno, kwa hakika, iko magharibi zaidi.

Taaluma ichunguzayo mambo ya namna hii haina mzazi mmoja. Matabibu wa ubongo wameiingia, na wanasaikolojia, na wanaisimu, na wanajiografia, na wajenzi wa miji, na wataalamu wa kompyuta watakao mashine zao zijiongoze zenyewe, na pia wanavyuoni waliokwenda kukaa na mabaharia na wawindaji ili wajifunze kwao; hata vyuo vikuu vya Bremen na Freiburg, nchini Ujerumani, vilipoanzisha mwaka 2003 kituo kikubwa cha pamoja cha utafiti huu, viliwaweka chini ya paa moja watu ambao kwa desturi ya vyuo hawasomi hata majarida ya wenzao. Rai yangu katika safu hii ni kwamba mchanganyiko huu wa elimu ni sharti lenyewe la kupata jibu sahihi, kwa kuwa ujuzi wa mahali haukai kichwani peke yake: umekaa pia katika lugha, katika majengo, katika vyombo, na katika mafunzo ambayo kizazi kimoja hukipa kingine, na atakayepima kichwa tu atapata nusu ya habari na kuidhania nzima.

Hata hivyo tuanze na kichwa, maana huko ndiko yalikopatikana mambo ya ajabu zaidi. Mwaka 1948 Edward Tolman, wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alichapa makala iliyopinga fikira iliyotawala saikolojia ya Marekani wakati ule, ya kuwa mnyama hujifunza njia kwa mazoea matupu ya viungo, akageuka leo mahali fulani kwa sababu jana aligeuka hapo akapata chakula. Panya walioachwa watembee katika mzingile wa vichochoro bila ya malipo yoyote walionekana kama hawajifunzi kitu. Lakini siku chakula kilipowekwa, walikifikia kwa wepesi uliodhihirisha kuwa mzingile ule walikwisha kuujua zamani. Na njia waliyoizoea ilipozibwa, zikafunguliwa nyingine nyingi, ile iliyochaguliwa kuliko zote ilikuwa njia iliyoelekea moja kwa moja mahali chakula kilipokuwa. Tolman akasema kuwa panya, na mtu pia, ana ramani akilini mwake. Wengi walimdhania anatumia usemi wa mafumbo tu.

Miaka 23 ikapita. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha London, John O'Keefe na mwanafunzi wake Jonathan Dostrovsky walitia nyaya nyembamba mno katika ubongo wa panya, katika sehemu iitwayo hipokampasi, wakasikiliza seli mojamoja panya yule alipokuwa akizunguka. Wakaona kuwa seli fulani hunguruma panya afikapo pembe fulani ya sakafu na kunyamaza akiondoka, na seli nyingine ina pembe yake nyingine, hata kwa kusikiliza seli za kutosha mtu angeweza kusema panya yuko wapi bila ya kumtazama. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, pamoja na wenzao katika mji wa Trondheim, Norwe, walitangaza kuwa katika sehemu jirani, iitwayo entorinali, ziko seli zisizoashiria mahali pamoja tu bali mahali pengi palipopangika katika pembetatu zilizo sawa pande zote, zikirudiarudia sakafu nzima, kama kwamba ubongo umejitandikia wenyewe mistari ya kupimia masafa. Watu hawa watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2014, nusu kwa O'Keefe na nusu kwa Moser wawili.

Lakini msomaji asikimbilie kuamini kuwa tumebeba vichwani ramani kama zile zilizotundikwa kwenye kuta za madarasa. William Warren na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown waliwatembeza watu katika mzingile wa bandia, uliotengenezwa kwa kompyuta na kuonekana kupitia miwani, na ndani yake wakaficha njia zisizowezekana duniani: mtu apite pahala na kwa ghafula atokee upande mwingine wa mzingile, amegeuzwa, bila ya kuhisi mruko wowote. Mahali pa namna hiyo hapawezi kuchorwa katika karatasi yoyote. Watu wale walipajifunza bila ya taabu, wakafika walikotakiwa, na takriban wote hawakugundua kuwa kuna kioja. Kwa fahamu yangu, huu ni ushahidi mzito kuwa tunachohifadhi kwa kawaida ni mtandao wa njia na makutano, na ndani yake makadirio ya masafa na ya pembe, ambayo hutosha kwa safari na hukosea katika hesabu. Na kosa la mtu wetu wa Dar es Salaam linaeleweka zaidi likitazamwa hivyo.

Maabara imetufikisha hapo. Kwa habari za binadamu walio nje yake, hakuna mfano uliochunguzwa kwa uangalifu kuliko ule wa madereva wa teksi wa London, nami nitakaa nao kidogo, kwa sababu unajibu swali ambalo kila mzazi na kila mwalimu angependa kujua jibu lake: je, kipawa hiki ni cha kuzaliwa, au hupatikana kwa jitihada? Tangu mwaka 1865 mtu atakaye leseni ya kuendesha teksi nyeusi za mji ule hulazimika kufaulu mtihani unaoitwa kwa jina moja tu, Maarifa. Humpasa kujua mitaa kama 25,000 iliyomo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, pamoja na hospitali, misikiti, makanisa, mahakama, hoteli na kumbi za michezo ya kuigiza zilipo. Na mitaa yenyewe haikupangwa kwa mistari iliyonyooka, ilikua ovyoovyo kwa karne nyingi. Wanafunzi huonekana wakizunguka kwa pikipiki ndogo, ramani mbele yao, mvua ikiwanyeshea, miaka mitatu au minne, kisha huketi mbele ya mtahini na kutaja kwa kinywa, mtaa baada ya mtaa, njia fupi kupita zote kutoka mahali hapa hadi pale. Wengi huiacha kazi hii kabla ya mwisho wake.

Mwaka 2000 marehemu Eleanor Maguire, mwanamke wa Ayalandi aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha London na kufariki dunia mwanzoni mwa mwaka 2025, alichapa pamoja na wenzake picha za bongo za madereva 16, zilizopigwa kwa mashine ya sumaku bila ya kukata wala kuchoma. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na kadiri dereva alivyotumikia miaka mingi ndivyo ilivyozidi. Habari hii ilienea duniani, na mara zikaja pingamizi za haki: labda waliozaliwa na hipokampasi kubwa ndio wanaofaulu mtihani, labda ni athari ya kuendesha gari tu, au ya fadhaa ya barabara. Maguire hakuzidharau. Mwaka 2006 aliwalinganisha madereva wa teksi na madereva wa mabasi wa mji uleule, wenye foleni ileile na uchovu uleule, ila basi hufuata njia moja iliyokwisha kupangwa. Na tofauti ikabaki kwa watu wa teksi. Kisha, pamoja na Katherine Woollett, akawafuatia wanafunzi 79 tangu walipoanza kusoma, wakati ambapo bongo zao hazikutofautiana, hadi 39 miongoni mwao walipofaulu. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa hipokampasi ilikua kwa waliofaulu, isikue kwa walioshindwa, wala kwa watu wa kawaida waliopimwa pamoja nao. Hivyo ubongo wa mtu mzima, ambao zamani ulidhaniwa umekwisha kukauka, ulijenga mahali pa kuwekea mji.

Yafaa pia kutaja gharama, ambayo waandishi wa magazeti waliisahau. Sehemu ya mbele ya hipokampasi za madereva wale ilikuwa ndogo kuliko ya wengine, na katika majaribio fulani ya kukumbuka mchoro mpya baada ya muda walifanya vibaya kuliko wenzao. Mwili haukuwapa nyongeza ya bure.

Sasa, mtu aliyesoma haya yote angeweza kufunga kitabu na kusema kuwa siri imepatikana, imo katika seli za hipokampasi. Hapo ndipo ninapowaita wanaisimu. Kaskazini ya Queensland, Australia, katika kijiji cha Hopevale, wanakaa watu wasemao Kiguugu Yimithirr, ambao wakieleza kitu kilipo hawatumii kulia na kushoto kwa mwili wa msemaji, bali pande za dunia. Mtu atamwambia mwenzake asogee kidogo mashariki mezani, au kwamba ana siafu kwenye mguu wake wa kaskazini. John Haviland na Stephen Levinson waliokaa nao walimpiga filamu mzee mmoja, kwa nyakati mbili mbalimbali, akisimulia jinsi mashua yake ilivyopinduka. Mara ya kwanza alikuwa ameketi akitazama upande mmoja, mara ya pili upande mwingine, na mikono yake ikageuka pamoja na ukweli wa tukio, hata mashua ikapinduka kuelekea upande uleule wa dunia katika visa vyote viwili. Mtu asemaye hivyo hana budi kujua kaskazini iliko kila saa ya maisha yake, ndani ya nyumba na gizani pia, kwa kuwa asipoijua hataweza hata kusimulia.

Levinson na wenzake wa Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, wakabuni jaribio jepesi. Wanyama wadogo wa kuchezea wanapangwa mstari juu ya meza. Mtu anautazama mstari, kisha anageuzwa nyuma kabisa na kupelekwa kwenye meza nyingine aupange vilevile. Waholanzi waliupanga kwa kulia na kushoto kwao wenyewe. Watu wa Hopevale waliupanga kwa pande za dunia. Na hivyohivyo wakafanya Wamaya wa Tenejapa, kule Chiapas, Meksiko, ambao ardhi yao imeinama na lugha yao huita pande kwa mwinuko na mteremko. Levinson akahitimisha kuwa lugha huunda fikira. Mwaka 2002 Peggy Li na Lila Gleitman walimpinga kwa nguvu: waliwapa wanafunzi wa Marekani jaribio hilohilo, wakaona kuwa alama kubwa ikiwapo karibu, Wamarekani nao hubadili mpango wao, basi huenda ni mazingira, si lugha. Mabishano hayajesha. Mimi naona kila upande umeshika sehemu ya kweli, ila Levinson amethibitisha lililo muhimu zaidi kwa shabaha yetu, nalo ni kuwa mazoea ambayo maprofesa wa Ulaya na Marekani waliyachukulia kuwa ya binadamu wote ni ya baadhi ya binadamu. Na kama wanavyuoni wa ubongo wangeachwa peke yao, wangeendelea kumpima mtu wa London na kuandika “mtu”.

Na kwa nini niende Queensland tu? Makka iko karibu na longitudo ya digrii 39.8 mashariki, na Unguja iko karibu na 39.2, kwa hiyo kibla cha watu wa pwani yetu ni kaskazini, karibu sawasawa. Mihrabu ya misikiti ya kale kuanzia Lamu hadi Kilwa huelekea huko, makaburi ya Waislamu hulazwa kwa kuzingatia kibla hicho hicho, na mswalihina hukigeukia mara tano kwa siku. Mtu aliyekulia humo ana dira iliyojengwa katika mawe ya mji wake na katika nyakati za siku yake. Je, mtu huyo, akipewa jaribio la meza mbili, atapanga wanyama kama Mholanzi au kama mzee wa Hopevale? Ni swali zuri, tena kulipima hakugharimu sana.

Baharini ndiko ambako ujuzi huu hufikia kilele chake. Katika visiwa vya Caroline, Bahari ya Pasifiki, Thomas Gladwin alikaa na manahodha wa Puluwat na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Nahodha wa huko hana dira ya sumaku wala ramani. Ana pande 32 za upeo wa macho, zilizowekwa kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota, na mashariki yake ni pale ichomozapo nyota waiitayo Ndege Mkubwa. Ili ajue amekwenda kiasi gani, huchagua kisiwa cha tatu, kilicho ubavuni mwa njia na mara nyingi kisichoonekana, na hukihesabu kikisogea nyuma, chini ya nyota moja hadi nyingine, kama kwamba chombo kimetulia na visiwa ndivyo visafirivyo. Wazungu wengi walidhani hayo ni mawazo ya watu wasiojua. Edwin Hutchins, mwanaanthropolojia aliye pia baharia, alionyesha kuwa ni hesabu timamu: matokeo yake ni yaleyale ya ramani, ila mhesabu amechagua kusimama pengine. Na kwa wenye shaka, mwaka 1976 Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal aliongoza mtumbwi wa Hokule'a kutoka Hawaii hadi Tahiti, masafa ya zaidi ya kilomita 4,000, bila ya chombo chochote cha kupimia, akafika katika muda wa mwezi mmoja hivi.

Hutchins huyo alipanda pia manowari ya Marekani, na katika kitabu chake cha mwaka 1995 akaeleza jinsi meli ile ilivyokuwa ikijua ilipo. Mabaharia wawili husoma pembe za alama za nchi kavu, mmoja huandika, mwingine huchora mistari juu ya ramani, na hakuna hata mmoja anayeijua kazi nzima kwa tafsili. Anayejua meli iko wapi ni kikundi chote pamoja na zana zake, ambazo ndani yake imo akili ya watu waliokufa zamani. Sijasoma hoja yenye nguvu kuliko hii dhidi ya wale watakao kuutafuta ujuzi wa mahali ndani ya fuvu moja.

Bahari ya Hindi ilikuwa na elimu ya namna hiyo, tena iliyoandikwa. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, alikamilisha Kitabu cha Fawaidi yapata mwaka 1490, na miongoni mwa tungo zake umo utungo wa njia ya kwenda Sofala, yaani njia ya pwani yetu. Mabaharia wa Kiarabu nao walikuwa na pande 32 za nyota, na mashariki yao pia ilikuwa ni pale ichomozapo nyota ileile ya watu wa Puluwat, ambayo Waarabu nao waliita kwa jina la ndege arukaye. Walipima kimo cha nyota ya Jaha kwa vidole, au kwa kibao chenye uzi wa mafundo kiitwacho kamali, na chombo kilipoteremka kusini hata Jaha ikazama, walihamia kwenye nyota nyingine walizozijua vimo vyake. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipewa rubani pale Malindi, naye akamfikisha Calicut mwezi uliofuata. Wengi wamesema rubani huyo ni Ibn Majid, na wanavyuoni wa leo aghalabu hawakubali, lakini awe nani, ilimu aliyokuwa nayo ilikuwa mali ya bahari hii kabla ya Mreno kufika. Manahodha wa majahazi yetu waliirithi kwa sehemu, wakaichanganya na mambo yasiyoandikwa popote: rangi ya maji juu ya mwamba, mkondo wa Pemba, harufu ya nchi wakati wa umande, na nyendo za kusi na kaskazi.

Katika nchi kavu mambo ni hivyohivyo kwa sura nyingine. Kevin Lynch, mpangaji wa miji, aliwaomba wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles wachore miji yao, na katika kitabu chake cha mwaka 1960 akaonyesha kuwa kuna miji inayokumbukika na miji inayotoroka akilini. Baadaye, mwaka 2016, ulitolewa mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest, uliotungwa kwa msaada wa Hugo Spiers na Michael Hornberger, wataalamu wa Uingereza, na watu karibu milioni 4 wakaucheza. Uchambuzi wa wachezaji karibu 400,000 kutoka nchi 38, uliochapwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa waliokulia nje ya miji hutafuta njia vizuri kuliko waliokulia mijini, na kwamba miji inayodhoofisha zaidi ni ile iliyopangwa kwa mistari na pembe mraba, kama Chicago. Athari ya utotoni hudumu hata uzeeni. Vichochoro vya Mji Mkongwe na vya Lamu, vilivyowekwa katika urithi wa dunia mwaka 2000 na mwaka 2001 kwa ajili ya majengo yake, huenda basi vina fadhila nyingine isiyotajwa katika hati zile, ya kuwafunza watoto wachezao ndani yake.

Nakuja kwenye simu, ambayo leo inatuambia tugeuke wapi. Sitaki kuilaani, maana imeokoa wengi. Wawindaji wa Igloolik, katika Kanada ya kaskazini, waliosoma njia tangu jadi kwa matuta ya theluji yaliyolazwa na upepo wa kaskazini-magharibi, wameona manufaa ya vyombo vya setilaiti wakati wa ukungu, hali wazee wao wakihofia vijana wanaosafiri navyo bila ya kujua wapitako. Hofu yao ina ithibati. Toru Ishikawa na wenzake, nchini Japani, walionyesha mwaka 2008 kuwa watembeao kwa kuongozwa na chombo cha setilaiti husimama mara nyingi zaidi na hukumbuka njia vibaya kuliko waliokwisha kuonyeshwa njia kwa kutembezwa. Na Spiers na wenzake, mwaka 2017, waliwapima watu 24 wakipita katika picha za mtaa wa Soho, London: mtu alipojitafutia njia, hipokampasi yake ilichangamka kila alipoingia mtaa mpya wenye njia nyingi za kuchagua, alipofuata amri ya mashine, ilitulia kana kwamba mitaa haiko. Jambo hili lina uzito wa kitabibu pia, kwa kuwa sehemu ya entorinali, ile ya Moser wawili, ni miongoni mwa zile zishambuliwazo kwanza na maradhi ya Alzheimer, na mzee kupotea katika mtaa anaoujua ni dalili ambayo mara nyingi hutangulia nyingine. Majaribio ya kutafuta njia yanaweza kuwa kipimo cha mapema. Lakini kipimo kilichotungwa kwa kumtazama mtu wa Uingereza hakiwezi kumhukumu kwa haki mzee wa Kizimkazi au wa Faza, aliyejifunza njia kwa kibla, kwa nyota na kwa maji kupwa na kujaa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye madaraka ya vyuo vyetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanaisimu wa Kiswahili, tena kina taasisi ya sayansi za bahari huko Unguja. Muhimbili ina matabibu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiko hatua chache kutoka kwa manahodha wenyewe, na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kadhalika. Watu hawa wakutanishwe katika utafiti mmoja, wapande majahazi pamoja na wazee walio bado na ilimu ya nyota na mikondo, waandike majina, vimo na njia zote kwa maneno ya wazee hao, wawapime kwa majaribio yaliyotungwa hapa, na wawaweke wazee katika orodha ya waandishi wa utafiti badala ya kuwataja kuwa ni watoa habari. Fedha inayohitajika ni ndogo kuliko bei ya mashine moja ya kupigia picha za ubongo, na manahodha waliojifunza kazi kabla ya injini na setilaiti sasa ni watu wa umri mkubwa. Kazi hiyo isingoje zaidi ya kaskazi ijayo.